Kulungu Aliyegeukia Kushoto

Mwaka mzima Mzee Shagdar hakutia mguu kwa malama, watawa wa Kibudha wa bonde lile, na mji mzima ulijua kisa chake ni filamu.

Alikuwa na miaka sabini na minane, na ndiye peke yake aliyesalia bondeni kati ya wanafunzi wa monasteri ya zamani, ile iliyofungwa na serikali ikageuzwa ghala la sufu. Ruhusa ya kusali iliporudi, lama Damdin, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kunyoa kichwa, alimwendea akamwomba awafundishe vijana ngoma ya vinyago. Mzee akakubali. Hatua zile alikuwa amezitunza zaidi ya miaka hamsini, akizifanyia mazoezi nyuma ya zizi la mbuzi. Marehemu mkewe alidhani ana ugonjwa wa tumbo, kwa jinsi alivyokuwa akitokomea huko kila jioni.

Akafundisha majira mawili ya kiangazi. Ndipo filamu ikaja. Aliileta Tungalag, mwanamke wa makamo kutoka mji mkuu, mfanyakazi wa hifadhi ya filamu: dakika tatu zisizo na sauti, zilizopigwa mwaka 1932 katika uwanja wa monasteri ileile. Mchezaji mwenye kinyago cha Kulungu alionekana akicheza mbele, pembe juu, upanga mkono wa kushoto, na mzunguko wake wa kwanza akiuanzia kushoto. Mzee alikuwa amefundisha kulia.

"Mzee wangu," lama Damdin alimwambia siku ile, kwa adabu zote, "kichwa cha binadamu huchoka. Filamu haichoki."

Shagdar, ambaye hata kuitazama hiyo filamu hakuwa ameitwa, aliokota kofia yake akaenda zake. Vijana wakafundishwa upya, kushoto.

Binti yake Yanjmaa, fundi wa kushona majoho, naye alikosea. Jioni moja alimwambia, "Baba, hata mimi nasahau nilipoweka mkasi. Si aibu." Mzee hakusema naye siku tatu.

Majira ya kuchipua yalipofika, malama walimpa Yanjmaa kazi ya kushona vazi la Kulungu. Tungalag alikuwa amerudi na filamu yake, kwa hiyo Yanjmaa akaenda ukumbi wa klabu mchana, akiwa na kipande cha chaki na utepe wa kupimia shingoni, ahesabu tabaka za mikono ya vazi. Tungalag na lama Damdin walikuwa wameyaziba madirisha kwa mablanketi. Projekta ilinguruma kama paka mzee.

"Simamisha hapo kwenye mkono," akasema.

"Nikisimamisha inaungua, dada," Tungalag akajibu. "Tazama tu, nitairudia mpaka uchoke."

Mara ya kwanza Yanjmaa alitazama mikono ya vazi. Mara ya pili alitazama pindo. Mara ya tatu akajikuta hamtazami Kulungu hata kidogo. Kulikuwa na watu nyuma yake, wachungaji na wake zao waliokuja kuona ngoma, na kitu fulani kwao kilimkera, kama mtu anayekutana na jirani aliyevaa viatu kinyume. Mama mmoja aliyembeba mtoto. Mzee mwenye kichupa cha ugoro. Alikaza macho mpaka yakatoka machozi.

"Hawa watu wametoka wapi?" akauliza.

"Hapahapa. Imeandikwa kwenye mkebe."

"Basi aliyewashonea nani? Mwendawazimu?"

"Yanjmaa, sisi tumekuja kwa ajili ya Kulungu," lama Damdin akamkumbusha, sauti yake ya darasani.

"Mheshimiwa, mwache Kulungu kidogo. Vifungo vyako viko upande gani?"

Lama akajigusa bega, kana kwamba hakuwa na hakika navyo. "Kulia. Vya kila mtu viko kulia."

Yanjmaa akainuka, akaingia katikati ya mwanga, kivuli chake kikafunika nusu ya uwanja. Akaanza kuwagusa kwa chaki mmoja mmoja, mbiombio kabla hawajapotea. "Huyu, kushoto. Huyu, kushoto. Mama mwenye mtoto, kushoto. Mimi nimeshona majoho miaka thelathini na miwili, sijawahi kuombwa joho la kufungia kushoto hata na mlevi. Na hapa wamejaa uwanja mzima!"

Utepe wa filamu ukafika mwisho, ukawa unapigapiga gurudumu. Tungalag hakuizima projekta. Alikuwa ameshika mdomo.

"Ooo," akasema hatimaye. "Hii ni nakala. Aliyenakili ya asili ameilaza kifudifudi. Tunaitazama kama kwenye kioo."

"Unaweza kuigeuza?"

"Ngoja."

Ilimchukua kama robo saa kuuviringisha utepe upya na kuupitisha kwa upande wa pili. Picha ilitoka na ukungu, akazungusha lenzi mpaka ikatulia. Mama yule akatokea tena na mtoto wake, vifungo bega la kulia, wa kawaida kama jirani yako. Herufi za bendera iliyoning'inia uwanjani, ambazo lama Damdin mwaka mzima alizidhania madoa, sasa alizisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Kisha Kulungu akaingia, upanga mkono wa kulia, akageukia kulia.

Lama Damdin alivua miwani akaifuta. Akatoka nje, akaelekea kilimani kwa Mzee Shagdar kwa miguu, na Yanjmaa akamfuata mbio, kwa maana hakutaka kukosa kushuhudia.

Mzee Shagdar alikuwa ameketi juu ya mbuzi aliyefungwa miguu, akimchana manyoya.

"Mzee wangu," lama akaanza, "nimekuja kuomba radhi. Filamu ilikuwa imegeuzwa. Wewe ulikuwa sahihi."

"Shika pembe."

"Nini?"

"Pembe, mwalimu. Anarusha kichwa."

Lama akapiga magoti kwenye samadi, akashika pembe. Mzee alichana ubavu mzima bila haraka. Yanjmaa aliogopa kucheka.

"Nani aliyegundua?" mzee akauliza.

"Binti yako. Kwa vifungo."

Shagdar akamtazama Yanjmaa chini ya kofia. "Huyu? Huyu si ndiye hajui mkasi wake uko wapi?"

"Baba, nisamehe."

"Upande wa pili bado," akasema mzee. "Mgeuzeni."

Wakamgeuza mbuzi. Kazi ilipokwisha ndipo mzee alipokunja manyoya aliyoyachana, akanawa mikono, akavaa joho safi, wakateremka naye.

Ukumbini alikaa kiti cha mbele kabisa, magoti yakikaribia ukuta. Yanjmaa alikaa pembeni yake akimtazama yeye badala ya filamu, akingoja uso wa mtu aliyeshinda. Hakuuona. Mzee alikuwa ameinama mbele, midomo wazi kidogo. Kulungu alipogeukia kulia hakushtuka hata kidogo; hilo alilijua. Lakini Kulungu alipoanza kuruka, vidole vya mzee vikaanza kuhesabu kwenye goti.

"Rudia," akasema.

Tungalag akarudia.

"Tatu!" mzee akapiga kelele. "Anaruka mara tatu! Mimi nimewafundisha mara mbili!"

Lama Damdin akageuka taratibu. "Mzee wangu, pengine…"

"Pengine nini? Huoni? Tatu. Nimekosea." Na akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, akimpiga Yanjmaa begani. "Sikuiona ile ya tatu maisha yangu yote! Sisi tulikuwa tumeshampa mgongo. Wale wawili pale, waona? Wenye vinyago vya mafuvu. Wanageuka kabla hajamaliza. Matundu ya macho yenyewe madogo kama ya sindano."

Yanjmaa akakodoa macho. Nyuma ya Kulungu kweli walikuwapo vijana wawili waliovaa mavazi meupe yenye mifupa iliyochorwa, wembamba, wa kimo kimoja, wakirukaruka.

"Wewe ni yupi, Baba?"

Mzee alitazama mpaka utepe ukaisha. Akaomba urudiwe. Akatazama tena, safari hii amesimama, pua karibu na ukuta, mafuvu yakichezea mashavuni mwake.

"Sijui," akasema kwa mshangao. "Mmoja ni mimi, mwingine ni rafiki yangu Luvsan. Tulikuwa na miaka kumi na sita. Kweli kabisa sijui." Akamgeukia Tungalag. "Binti, huko kwenu mna mikebe mingine?"

"Kumi na moja ambayo hakuna aijuaye ni ya wapi."

"Basi ilete," akasema mzee, na akaketi tena. "Sasa weka hii. Yule wa kushoto amekosea hatua. Nataka nimwone vizuri."