Tabaka la Pili

Kazini walimwita Matabaka Mawili, na jina lenyewe alilipata kwa jasho lake. Bomba la mvuke likishafungwa asbesto, zile nyuzi za kuzuia moto, wenzake wakikusanya vifaa waende zao, yeye ndio kwanza anakata kipande kingine cha kuzungushia juu. Tabaka la kwanza la msimamizi, alikuwa akisema, la pili la moto wenyewe. Msimamizi akagomba, akachoka, akamwacha. Mazoea yana taabu jamani, na taabu hiyo aliihamishia nyumbani.

Sasa amestaafu, mzima, kifua hakikwaruzi. Aliyeugua ni mkewe. Saratani ya utando wa mapafu, ile inayoletwa na vumbi la asbesto, na mama wa watu hajawahi kukanyaga kiwandani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupokea ovaroli jioni, kuikung'uta mlangoni na kuifua. Daktari alipouliza nani kati yao alifanya kazi kwenye asbesto, mume alinyoosha mkono kama mtoto darasani. Tangu hapo akashindwa kumtazama mkewe usoni. Chakula kikipakuliwa, alichukua sahani yake akaenda kula kizingitini, eti ndani kuna joto. Mke akabaki mezani na kiti kitupu.

Kisha daktari akaja na habari. Kulikuwa na majaribio: watafiti walitaka kujua kama vitamini D, ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, ingesaidia kuizuia saratani hiyo. Hakuahidi kitu. Wagonjwa wengine wangepewa matone ya kweli, wengine mafuta matupu, na hata yeye asingejua nani kapata nini. Sharti lilikuwa moja, mtu asijiongezee vitamini ya kununua. Mke akakubali papo hapo. Aliipenda siku ya kliniki. Alivaa gauni lake zuri, akakaa benchini na wagonjwa wenzake wakapiga soga, akarudi na cha kusimulia. Wa kumsimulia ndiye hakuwepo, yuko kizingitini anatafuna.

Mume naye akaanza kulilaumu jiko. Dirisha dogo, jua haliingii, ndiyo maana mwili ulikosa vitamini. Mkewe alimsikiliza weee, halafu akamwambia mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yakaishia hapo. Hakuna aliyeitaja ovaroli.

Lakini yale mafuta matupu yalimkosesha mzee usingizi. Itakuwaje kama mkewe ndiye aliyeangukia matupu? Kwake yeye, kitu cha tabaka moja hakijakamilika. Akaenda duka la dawa akanunua chupa yake, ile kali. Akaanza kuamka asubuhi kukoroga uji, akidondosha matone, na akiingiwa na hofu anadondosha tena. Kisha anaketi mbele ya mkewe kuhakikisha bakuli limekwisha. Ikabidi amtazame. Akimwona anasitasita, anamtania kidogo, mke anacheka, anameza.

Za mwizi arobaini. Vipimo vya damu vikaonyesha kalsiamu imepanda vibaya, kama inavyokuwa vitamini D ikizidi, na figo zimeanza kuelemewa. Daktari akawakalisha wote wawili, akauliza ni nani aliyeleta vitamini D ya pembeni. Mume akainamia viatu vyake.

"Ni mimi, daktari," mkewe akasema. "Nilinunua mwenyewe."

Wakamtundikia dripu, figo zikapata nafuu, lakini kwenye majaribio hakurudishwa. Alipopita kwenye lile benchi aliwaaga wenzake mmoja mmoja, kwa mkono. Mume alifuata nyuma akitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani akasubiri kutukanwa. Afadhali matusi, yangekuwa mazungumzo. Mke alivua viatu, akakunja gauni lake zuri, akaketi mezani. Mwishowe mzee akayatapika yote: chupa, matone, uji, na kwa mara ya kwanza, ovaroli. Alisema amemuua kwa vumbi, na sasa alikuwa anammalizia kwa dawa. Akalia kwa sauti, mwanamume mzima, na mkewe akamwacha alie hadi akaishiwa.

"Nilijua tangu bakuli la kwanza," akasema. "Mafuta yalikuwa yanaelea juu. Na wewe hujawahi kukoroga uji tangu unioe."

"Ulijua watakutoa?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikunywa, mke wangu?"

"Ulikuwa unakaa na mimi."

Kesho yake mzee akakoroga uji usio na kitu, wenye mabonge, akaweka mabakuli mawili mezani na kuufunga mlango wa kizingitini. Mkewe alizidi kukonda asubuhi zilizofuata, naye mume hakutazama pembeni.