Siku Havijawa Alipoibeba Timu ya Taifa

Usiku wa kuamkia leo niliota mizani ya mashine yangu ikiniita. Haikuniita Mama Mashine kama wanavyoniita watu wa hapa mtaani kwetu Mwanga. Iliniita kwa jina lote, kama karani wa mahakama: "Sikitu binti Ramadhani, njoo tupime."

Ili mjue kwa nini niliogopa, niwaeleze kwanza mambo ya mchana.

Nina mashine ya kusaga hapa Kigoma mjini. Watu wakileta mahindi hukaa juu ya magunia kusubiri zamu, na wakishakaa hubishana mpira. Mashine inanguruma, kwa hiyo kwangu hakuna anayebishana kwa sauti ya chini. Nani ana timu ya taifa yenye nguvu zaidi Afrika, Moroko au Senegali? Kwa upande wa wanawake, nani atawaweza Wanijeria? Na sisi je, lini tutaacha kuitwa wachanga? Mpinzani wangu mkubwa ni Mzee Anzuruni, mwamuzi mstaafu, ambaye mpaka leo hutembea na filimbi mfukoni na huipuliza mtu akimkatiza.

Yeye husema timu ya taifa hujengwa kuanzia kwa mabeki. Mimi husema tunaye Havijawa.

Havijawa ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi na saba, na ninaishi naye tangu yuko darasa la pili. Mguu wake wa kushoto ukiupa mpira, kipa hujua ameshafungwa kabla haujapigwa. Asubuhi ya leo kocha wake, Mwalimu Generosa, alikuwa aje kumchukua kwenda kwenye mchujo wa timu ya taifa ya wasichana.

Wiki tatu zilizopita Havijawa alirudi kutoka mazoezini goti limevimba kama papai. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, nikamfunga kitambaa, nikamwambia, "Usimwambie mtu mpaka mchujo upite." Akaitikia kwa kichwa.

Jana Mzee Anzuruni alimwona akipita na ndoo ya maji. "Sikitu, huyu binti mbona anachechemea?"

"Hachechemei," nikasema mbele ya watu wote. "Ndio mwendo wa washambuliaji."

Watu wakacheka. Kicheko kikanipa kichwa, nikaongeza: "Mpeni jezi tu, mwone! Timu ya taifa ataibeba mgongoni!" Wakapiga makofi. Mzee Anzuruni akachukua unga wake akaenda zake bila hata kupuliza filimbi. Nikalala nimeshinda.

Basi, mizani ikaniita, nami nikaenda. Ilikuwa mchana kweupe. Mizani ilikuwa imevaa tai.

"Maneno yamekuwa mengi humu ndani," ikasema. "Kila siku nguvu za timu, nguvu za timu. Leo tunapima."

Magunia yakaanza kuingia yenyewe, kila gunia limeandikwa jina la nchi yake. La Senegali lilipanda, likasomwa, likashuka. La Moroko liliuliza kwanza mwisho wa foleni uko wapi. La Nijeria lilipopanda mizani ikaguna, ikaomba maji ya kunywa. Nikaipa. Ilikunywa kikombe kizima.

Letu lilikuja la mwisho. Likapanda. Mshale haukusogea.

Nikalisogelea. "Kuna watu humu?"

"Tupo kumi na mmoja," zikajibu sauti za wanawake kutoka ndani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mizani ikanigeukia. "Wewe ulisema yupo wa kuwabeba hawa."

"Nilisema."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, ndiyo. Lakini yale ni maneno ya..."

"Imeandikwa."

"Basi si tatizo," nikasema, maana nilitaka kujipa moyo. "Kama mshale haukusogea, ni wepesi."

"Unasaga mahindi miaka yote hiyo na hujui kupima?" ikasema mizani, kwa huruma kabisa. "Timu yenye nguvu hutembea yenyewe. Isiyo na nguvu ndiyo hubebwa, na hakuna mzigo mzito kama huo."

Nikageuka nikimbilie nje. Nafungua mlango wa mashine, natokea uwanjani.

Uwanja ni mkubwa, sijawahi kuuona. Mistari yake haikuchorwa kwa chokaa, imechorwa kwa unga. Naujua unga huo, ni dona, umetoka kwangu. Watu wamejaa mpaka juu kabisa, wamekaa juu ya magunia, na hakuna anayepiga kelele. Maelfu ya watu, na nasikia mtu mmoja akijikuna shingo.

Katikati amesimama Havijawa, peke yake. Jezi imemzidi, inamfika magotini. Kichwani amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka wenyewe mbichi, bado unaota. Mizizi imeshaanza kumteremkia masikioni.

"Nani kamvika kitu hiki?" nauliza.

"Wewe," anajibu mwamuzi. Ni Mzee Anzuruni, kaptura nyeusi, soksi amezivuta mpaka juu. "Ulikuwa ukimvika kidogo kidogo kila siku. Rudi nyuma ya mstari, tafadhali."

Anapuliza filimbi.

Gunia linafunguka na wachezaji wanatoka wakikung'uta pumba. Ni wanawake warefu, wenye afya. Wanajipanga mstari. Beki wa kulia anamsogelea Havijawa, anamwinamia sikioni, anasema, "Samahani, mdogo wangu," kisha anaweka mguu juu ya kiganja chake, anapanda, anakaa begani.

"Samahani, mdogo wangu," anasema beki wa kushoto, naye anapanda.

Wanapanda mmoja mmoja. Wakimaliza mabeki wanapanda viungo. Kisha wachezaji wa akiba, ambao sikujua kwamba na wao wamo. Kisha daktari wa timu na sanduku lake la barafu. Kila mmoja anaomba samahani. Laiti wangemtukana ningejua la kufanya. Adabu yao ndiyo inayonitia baridi mwilini.

Havijawa anaangalia mbele, kama anavyoangalia akiwa anasubiri kupiga penalti.

"Nchi nzima iko nyuma yako, binti!" anatangaza mtu kwenye spika.

Naangalia. Ni kweli. Nyuma yake ipo nchi nzima. Watu wa Mtwara, watu wa Musoma, wanafunzi na sare zao, wanawake na watoto migongoni, mtu na baiskeli yake. Mstari wao unakwenda unapotelea milimani. Na wote wameweka mikono mbele. Wanasukuma.

Hapo ndipo goti linapoanza kuongea.

Linaongea kutoka ndani ya kitambaa nilichokifunga mimi. "Shikamoo, mama mdogo."

Natazama pembeni.

"Sikulalamika kwa wiki tatu," linasema goti. "Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Sasa naomba uwaambie. Mimi nikisema mwenyewe nitasema mara moja tu, na nikishasema basi."

"Mwenye ushahidi autoe kabla ya dakika tisini," anasema Mzee Anzuruni. "Sasa ni ya themanini na nane."

Nafungua mdomo. Nataka kusema goti. Ninachosikia ni sauti yangu ile ya kwenye mashine, sauti ya kushinda mngurumo: "Ana kasi!"

Debe la unga linaanguka kutoka angani, linatua juu ya mzigo. Havijawa anayumba.

Najaribu tena. "Mguu wa kushoto kama wake haujazaliwa Afrika!"

Debe la pili. Watu kwenye magunia wanapiga makofi, mara moja tu, kwa pamoja, kisha kimya. Najiziba mdomo kwa mikono miwili, na sifa zinapenya katikati ya vidole. "Atacheza Ulaya! Hana mpinzani! Atawafunga Wamisri, atawafunga Wakameruni!" Debe, debe, debe. Kilemba cha ukoka kimemfika machoni. Chini ya kitambaa nasikia kitu kikilia polepole, kama punje kavu ya mahindi inayoanza kuingia kwenye jiwe la kusagia.

"Themanini na tisa," anasema Mzee Anzuruni. Naye analia. Machozi yanamtiririka na mkono wake hauachi filimbi.

"Simamisha mchezo, mzee wangu!"

"Nilikuuliza jana, mwanangu. Ukanijibu mbele ya watu. Nami nikaandika ulivyojibu."

Sijui miguu ilipata wapi nguvu. Nauvuka mstari wa unga. Nauona unanishika vifundo vya miguu kama tope, nachomoa mguu mmoja, nachomoa wa pili, ndala zinabaki huko huko. Mzee Anzuruni ananionyesha kadi nyekundu. Naipita. Nafika chini ya mzigo, nainama, naingiza bega langu pembeni ya bega la Havijawa.

Jamani, uzito ule siwezi kuusimulia. Nimebeba magunia tangu nikiwa msichana. Hakuna gunia la namna ile.

"Mama mdogo," anasema Havijawa, pumzi imemkatika. "Toka. Utaumia."

Kumbe bado yupo mmoja hajapanda. Ni kipa. Alikuwa anakaza glavu zake. Anakuja taratibu, mwanamke mkubwa kama mlango, anatazama pa kukanyaga, anaona bega langu.

"Samahani, mama," anasema, na anakanyaga.

Nikaenda chini mpaka mdomo wangu ukawa sawa na goti la mtoto. Kifua kimebanwa, pumzi ya kupiga kelele hakuna tena. Iliyobaki ilitosha kunong'ona tu.

Nikanong'ona: "Goti lake ni bovu. Nilijua. Nilimwambia asiseme kwa sababu nilitaka kumshinda mzee."

Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia.

Hakuna aliyenizomea. Nchi nzima ilishusha mikono. Wachezaji wakaanza kuteremka, mmoja mmoja, wakijifuta unga kwenye bukta, wakienda upande wa gunia lao bila kunitazama. Daktari aliteremka wa mwisho, na sanduku lake, akasema tu kwamba barafu yote imeyeyuka.

Tukabaki wawili. Havijawa akakivua kile kilemba, akakishika mkononi. Ukoka ulikuwa umemchora mistari usoni.

"Mama mdogo," akasema, "sasa nikacheze wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Havijawa alikuwa ameshavaa, begi liko mlangoni, amekaa kwenye kigoda anajifunga kitambaa gotini. Aliponiona akakivuta kile kitambaa haraka, akakifunika kwa suruali, kisha akatabasamu ili niamini hakuna kitu. Tabasamu lile nilimfundisha mimi.

Mwalimu Generosa akabisha hodi kabla sijanawa uso.

"Karibu, Mwalimu," nikasema. "Kabla hamjaondoka, mwangalie goti."

"Mama mdogo!"

"Mwangalie, Mwalimu. Lina wiki tatu. Ni mimi niliyemwambia afiche."

Mwalimu akapiga magoti sakafuni, akafungua kitambaa, akabonyeza kidogo tu kwa kidole gumba. Havijawa hakulia. Alishika ukingo wa kigoda mpaka vidole vikabadilika rangi.

Mwalimu akakifunga tena kitambaa. Kisha akasema, "Labda mwakani kutakuwa na mchujo mwingine, sijui. Twendeni hospitali." Hakunitazama. Nilistahili.

Havijawa naye hakusema nami njiani, wala pale kwenye benchi tulipokuwa tunasubiri kuitwa. Aliangalia ukutani, kwenye tangazo la chanjo, akalisoma nadhani mara mia. Mimi sikujitetea. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliogopa kitakachotoka.

Mwalimu alipokwenda dirishani kuulizia faili, kanga yangu ikateleza begani. Nilikuwa nimechoka, mkono wa kulia ulikuwa mzito, sikuiwahi. Havijawa ndiye aliyeinyanyua, bila kuniangalia, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Kisha mkono wake ukasimama.

"Mama mdogo, nani kakukanyaga?"

"Wapi?"

Alikuwa anagusa bega langu kwa ncha ya kidole, hapa, na hapa, na hapa. Panauma kama jipu. Akahesabu alama kwa sauti ya chini mpaka sita. Halafu akaweka kiganja chake chote kupima, kuanzia kwenye alama ya mbele mpaka ya nyuma, kama anavyopima viatu dukani.

"Hii ni njumu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kunitazama usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. "Mguu wa kulia. Namba arobaini na tatu. Na meno yake ni ya chuma, ya kuchezea kwenye majani yaliyolowa. Hapa Kigoma hakuna msichana anayevaa hizi."