Kopo la Muuguzi

Jumanne saa tisa alasiri, muuguzi wa wodi ya watoto alitoka zamu, akavuka barabara na kuingia studio ya picha, saa yake ndogo ikiwa bado imebanwa kifuani. Alikaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, akapigwa picha mbili. Fundi wa picha, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimuuliza ni za nini.

"Za mtandao wa wachumba."

"Basi tupunguze rangi?"

Muuguzi alikuwa kwenye mtandao huo miezi minane, pamoja na watu wa kila rangi, na alikuwa ameandikiwa mara mbili tu. Mmoja alisema yeye si mbaguzi, ila weusi si ladha yake, asichukie. Wa pili, mweusi tii kama yeye, aliomba namba ya mwenzake mweupe aliyekuwa naye kwenye picha yake ya mtandaoni.

"Punguza moja, mama."

Rangi ilitoka kwenye picha hiyo, ikadondoka chini ya meza: unga laini wa kahawia, wa vuguvugu kana kwamba umetoka mashineni sasa hivi. Fundi aliufagia, akautia kwenye kopo la maziwa, akaandika "muuguzi" na kuliweka rafuni kati ya "mhasibu" na "dereva wa kreni". Rafu ilikuwa imejaa hadi darini.

Kufikia Ijumaa muuguzi alikuwa na ujumbe arobaini na mmoja. Maelezo yake yalikuwa yaleyale, hata koma hakuhamisha.

Jumamosi alikutana na mwalimu wa muziki mgahawani. Mwalimu alikuwa mpole. Alikaa naye meza moja nusu saa nzima, macho mlangoni, kisha akasema, "Samahani, dada, kuna mtu namngoja. Akija, mwambie nilikuwepo." Akamwonyesha picha kwenye simu.

"Huyo ni mimi."

"Kweli mnafanana," mwalimu alikubali, akalipia chai zote mbili, akaenda zake.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameshinda akiitazama picha hiyohiyo. Alifungua mlango, akamkaribisha vizuri. "Binti yangu hajarudi," alisema. "Lakini kaa, mwanangu, usiondoke na njaa." Alimpa chakula, akamtandikia mashuka ya wageni. Jumapili ilikuwa hivyohivyo.

Jumatatu, muuguzi alirudi studio.

"Mama, ile rangi yangu uliitupa?"

"Cha mtu hakitupwi, binti."

Fundi alipanda kiti, akalishusha kopo. Muuguzi alijipaka unga usoni, shingoni na mikononi, kama mtu ajipakavyo mafuta baada ya kuoga, mpaka kopo likabaki tupu. Alijitazama kwenye kioo. Kisha akaishika mikono ya fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Asante. Asante sana, mama yangu."

Kwa miaka kumi na mmoja fundi alikuwa akishukuriwa kwa alichokiondoa. Kwa alichokitunza, hii ilikuwa mara ya kwanza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Muuguzi aliweka mtandaoni ile picha ya pili, isiyopunguzwa, palepale, kabla hajatoka. Kwenye benchi la nje, seremala alikuwa akichana nywele kusubiri zamu yake. "Mama, mimi nipunguzie sana," alisema, "hawa watu nawajua." Fundi alimwonyesha stuli.

Hadi jioni, wale arobaini na mmoja walikuwa wamenyamaza wote.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" mama yake aliuliza, akimpakulia. "Kulikuwa na mgeni hapa. Mtoto wa watu, ana adabu, lakini mnyonge. Nikamlaza chumbani kwako."

"Ulifanya vizuri, mama. Nashukuru ulimpokea."

"Ningemfukuza vipi? Alikuwa na macho yako."

Muuguzi alicheka mpaka akapaliwa. Alikula chote, akaomba kingine.