Ndagala wa Darasa la Sita

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Casimir alikuwa akiuliza hesabu za kichwa katika darasa la sita la shule iliyo kilimani juu ya reli, katika mji wa Kalemie kando ya ziwa. Watoto tisini na wanne walikuwa wamekaa juu ya matofali na vidumu vya mafuta vilivyokatwa. Paa lilikuwa limeondoka na upepo wa mwezi wa tatu wa mwaka uliopita, kwa hiyo walijibu wakiwa wamefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

"Fortunée. Saba mara nane."

"Makumi tano na ine, Mwalimu."

Kosa moja lilikuwa fimbo tano za kiganja. Zamani Casimir hakuwa mtu wa kupiga. Lakini alikuwa amefundisha miaka minne bila mshahara, kwa sababu jina lake lilikuwa bado halijafika kwenye orodha ya mishahara huko Kinshasa, na mwaka uliopita watoto kumi na mmoja tu walifaulu mtihani wa serikali. Inspekta alisema shule ya namna hiyo haiwezi kupewa mabati. Tangu siku ile Casimir alikata fimbo ya mpera kila Jumatatu, na kufika Ijumaa fimbo ilikuwa imekwisha.

Fortunée alikuwa na miaka kumi na miwili. Alinyoosha mkono wa kuume. Fimbo ya kwanza iliacha mstari mweupe, ya pili ikaufanya mwekundu. Ya tatu ilipasua ngozi, na ndagala mmoja, samaki mdogo wa ziwani, akatoka kiganjani, akaanguka chini, akarukaruka kwenye vumbi.

Casimir akamwokota, akampangusa, akamweka juu ya meza karibu na chaki. Kisha akamaliza fimbo mbili zilizobaki. Wakaanguka wengine wanne.

"Saba mara nane?"

"Makumi tano na sita."

"Kaa."

Aliyefuata alikosea pia, naye akatoa ndagala watatu. Kufika saa sita meza ilikuwa imejaa. Direkta, Papa Lambert, aliletewa habari akiwa katika ofisi yake, akaja na beseni. Aliangalia samaki, akanusa mmoja, akasema ni wa leo. Ili ajue vizuri, akampiga msichana mmoja aliyekuwa amejibu sawasawa. Ilitoka damu tu. Papa Lambert akaandika katika daftari lake kwamba bila kosa hakuna samaki.

Tangu wiki hiyo ndagala walianikwa kwenye mchanga wa uwanja wa shule, na mke wa direkta akawauza sokoni. Walimu walipata kitu mwisho wa mwezi. Chaki ilinunuliwa, halafu mabati thelathini. Casimir alivaa viatu viwili vinavyofanana. Mwezi unapong'aa wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu ndagala hawafuati taa, na bei inapanda. Wiki hizo darasa la sita lilipigwa asubuhi na mchana. Watoto walizoea kuutazama mwezi kama wavuvi.

Casimir aliacha kufundisha kugawanya, kwa sababu waliokwisha kuelewa hawakutoa kitu.

Carine, aliyekaa tofali moja na Fortunée, hakuwahi kutoa zaidi ya ndagala wawili.

"Miye niko kijito," alisema, akipuliza kiganja chake. "Weye njo ziwa muzima. Leo utatupa nini, ndagala ao mikebuka?"

"Nyamaza, Carine. Nikicheka inauma."

Ilikuwa kweli. Mkono wa Fortunée ulianza kutoa mikebuka, samaki wa urefu wa kalamu na zaidi, na hao hawakutoka kwa fimbo tano. Walihitaji kumi na tano, na walipotoka walivuta nyama kidogo. Kidole chake cha kati kilivunjika siku ya Alhamisi. Kikapona kimepinda.

Mama yake, Mama Alphonsine, alinunua kopo moja la ndagala sokoni, akawapika na nyanya. Walikuwa na harufu ya chaki. Fortunée aliwaangalia kwenye sahani.

"Hawa ni wa Carine," alisema. "Wangu ni wakubwa."

Mama Alphonsine alikula, kwa kuwa alikwisha kuwanunua. Kesho yake alivaa kitenge cha kanisani, akaenda shuleni.

"Mwalimu, mutoto anataka kuingia sekondari. Siku ya mutihani atashika biki ya kuandika na nini?"

"Mama, miye niko na watoto watano. Wanakula."

"Na wangu?"

"Wako ajibu muzuri, sitamugusa. Njo sheria."

Mama Alphonsine aliirudisha sheria hiyo nyumbani. Fortunée akasoma. Alisoma akisonga ugali, alisoma akichota maji, alisoma vitabu vya kaka wa Carine mpaka vikaisha. Alijua mito, wafalme, sehemu za ua, jumla na tofauti. Siku tisa mfululizo alijibu yote, na siku tisa beseni lilikuwa jepesi. Walimu wengine walikuja kusimama mlangoni, wakimwangalia kama mtu aliyezuia barabara.

Siku ya kumi Casimir aliuliza bila kumtazama.

"Fortunée. Toka hapa mpaka Kabimba, kuko majiwe ngapi njiani?"



"Haiko katika kitabu, Mwalimu."

"Sikuuliza kitabu."

Akasema elfu kumi. Casimir akasema hapana. Mkono wa kuume ulikuwa hauwezi kufunguka vizuri, kwa hiyo Casimir aliushikilia juu ya meza kwa goti lake. Mikebuka saba walitoka, mmoja na mayai. Casimir alilia kidogo wakati wa kupiga, lakini hakukosea hesabu.

Mwezi wa tano ziwa likafungwa kwa miezi mitatu, samaki wazaane. Askari walichoma nyavu ufukweni. Wawili walifika shuleni, wakatafuta nyavu darasani, hawakuziona, wakanunua makopo mawili wakaondoka. Sasa shule peke yake ndiyo iliyokuwa na samaki Kalemie nzima. Walipigwa hata watoto wa darasa la pili, lakini wao walitoa vifaranga vya samaki tu.

Ndipo akaja Inspekta, Papa Sébastien. Alisifu mabati. Alipewa kiti na sahani ya mukebuka wa kukaanga. Papa Lambert alimwita Fortunée ili mgeni aone kazi inavyofanyika. Inspekta alitafuna, akaangalia mpaka mwisho.

"Na miguu?" aliuliza.

"Hatujajaribu, Papa Inspekta."

Wakajaribu. Nyayo za Fortunée zilipasuka, ikatoka kokoto moja. Inspekta akasema basi, mikono inatosha. Aliomba maji ya kunawa. Ripoti aliiandika palepale: shule hii imepata njia yake yenyewe, haina haja ya fedha za serikali wala za wafadhili, na shule nyingine zije kujifunza hapa. Papa Lambert alitia mhuri. Hata jina la Casimir, lililokuwa kwenye orodha ya kwenda Kinshasa, likaondolewa, kwani mwalimu anayekula hana dharura.

Asubuhi ya mtihani vidole vya mkono wa kuume wa Fortunée havikufunga. Mama Alphonsine alichukua uzi wa wavu uliopona moto, akaifunga biki kwenye kifundo cha mkono, mizunguko sita, akakata kwa meno.

"Inakaza?"

"Inakaza."

Mtihani ulikuwa wa kutia alama tu. Fortunée alitia alama akisogeza bega zima. Karatasi ilipata madoa, na msimamizi akaikubali, maana namba zilisomeka. Carine, nyuma yake, alijibu swali la kwanza vibaya, kwa mazoea akanyoosha mkono, akangoja.

Matokeo yalisomwa redioni. Watoto watano walifaulu katika tisini na wanne, na shule ilikuwa ya mwisho katika mkoa. Fortunée alipata asilimia sabini na nane.

Mwezi wa tisa Mama Alphonsine alimpeleka sekondari. Orodha ya vitu vya kuandikishia ilikuwa imebandikwa mlangoni: daftari kumi, ramu moja ya karatasi, fagio, beseni. Walikuwa wamenunua vyote. Prefe, mkuu wa sekondari hiyo, Papa Nicolas, alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa na plasta. Juu ya kichwa chake dari lilikuwa limetoboka, na mbingu ilionekana.

Alisoma karatasi ya matokeo mara mbili.

"Sabini na nane. Ni muzuri sana, Mama. Hatujapata mutoto wa namna hii."

"Aksanti, Papa Prefe."

Akaiweka karatasi ndani ya mtoto wa meza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Njo yeye wa mikebuka?"

Mama Alphonsine aliangalia dari. Fortunée alichukua beseni kutoka mikononi mwa mama yake, akaliweka chini, mahali pasipoinama. Akanyoosha mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado mzima, akauliza swali ni gani.