Damu ya Kiberiti

Mdogo wangu tunamwita Kiberiti kwa sababu ana umbo dogo na huwaka haraka. Anakimbia mbio ndefu. Mwaka juzi aliacha nyama, akasema miguu imekuwa myepesi, na tangu hapo mpishi wake ni mimi, dada yake, fundi cherehani ambaye sijawahi kukimbia hata nyuma ya kuku. Nilijifunza. Niliroweka maharage, nikasaga karanga na ufuta, nikajua kwamba mchicha haupikwi mpaka ukajuta. Nikajiona nimeiva.

Ndipo kocha akawapeleka wakimbiaji wake zahanati, na damu ya Kiberiti ikaonekana iko chini. Kocha huyo ni mama asiyezungusha maneno. Alikuja mpaka kwetu, akakataa kiti.

"Nampa wiki tatu," alisema. "Akipimwa tena na damu haijapanda, simwingizi kwenye mchujo. Sitaki mtoto wa watu aanguke barabarani nikimtazama."

Mchujo huo ndio uliokuwa unachagua timu ya taifa, na Kiberiti alikuwa haoni wala hasikii kingine. Lakini si mbio zilizoninyima raha. Mama yetu alituacha akiwa ameishiwa damu, na nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi ovyo. Baba, ambaye ni fundi rangi wa majumba, alilisikia akiwa mlangoni na ndoo yake mkononi, akasahau kuiweka chini.

Kuanzia siku hiyo nilipika kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi dengu, mchana maharage na mboga za majani, jioni choroko. Kila akipita karibu nilimshika kidevu, nikamvuta kope nione kama ndani kuna wekundu.

"Dada, mimi si mbuzi wa mnadani," alisema.

Nilicheka, ila roho ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimemwona akipanda ngazi za nyuma, akasimama katikati, akashika ukuta kama bibi kizee.

Baba naye alisaidia kwa njia anayoijua. Hawezi kupika kitu kingine, lakini chai yake ya rangi haina mpinzani. Majani anatia kwa konzi, anaichemsha mpaka inafanana na masizi, kisha chupa inakaa mezani karibu na sahani ya Kiberiti. Tangu taarifa ya damu aliizidishia majani. "Kunywa, mwanangu, upate nguvu," alikuwa anamwambia, na Kiberiti anakunywa, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee ambayo baba anaitumia kusema anatupenda.

Siku moja aliingia jikoni na kifurushi cha gazeti, akakifungua juu ya meza yangu. Ulikuwa mfupa wa ng'ombe.

"Utie kwenye maharage," alisema kwa sauti ya chini. "Supu tu. Hatajua."

"Atajua, baba."

"Akijua atakuwa hai."

Alitoka. Nilibaki na mfupa mkononi, sufuria inatokota. Popote pengine Kiberiti hufunua chakula, akanusa, akauliza maswali kama askari. Changu hakuwahi kukikagua. Nilijiuliza kipi kibaya zaidi, kumdanganya au kumzika, nikajichukia kwa kufikiri hivyo. Mwishowe niliufunga mfupa kwenye gazeti lake, nikamrudishia baba. Kuanzia hapo kila Kiberiti alipokohoa, nilihisi ni mimi ninayemuua.

Wiki tatu zilipotimia, tulienda wote watatu Kiberiti akapimwe. Daktari alitazama majibu, akayatazama tena.

"Haijapanda. Imeshuka kidogo."

Kiberiti aliinamisha kichwa. Baba alinigeukia, na sikuwa na pa kuyaweka macho yangu.

Daktari aliuliza anakula nini. Nikamtajia kila kitu, nikingoja anigombeze.

"Chakula hiki ni kizuri," alisema. "Na akila anakunywa nini?"

Kabla sijafungua mdomo, baba alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikunjuka.

"Chai ya rangi. Naichemsha mwenyewe, nzito, kila mlo. Haijawahi kumkosa."

Daktari aliweka kalamu chini, akaongea taratibu. Chai nzito ikinywewa pamoja na chakula, alisema, inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Inywewe mbali na chakula, na kwenye chakula tukamue limau. Alimwandikia Kiberiti vidonge. Kocha alikubali kwa shingo upande kumsubiri apimwe mara moja zaidi, kabla majina hayajafungwa.

Jioni ile chupa haikuwepo mezani. Nilimkuta baba uani, ameinamia bakuli, anakamua malimau, kucha zake zina rangi ya bluu ya nyumba ya mtu.

"Hukujua, baba," nilimwambia.

"Mama yenu naye nilikuwa nampikia."

Nilimweleza kwamba ugonjwa wa mama ulikuwa mwingine, kwamba madaktari walisema hivyo. Aliitikia kwa kichwa, lakini mikono haikuacha kukamua, hata limau lilipokuwa limebaki ganda.

Kutoka hapo hakupika chai tena. Chupa ilikaa juu ya kabati ikishika vumbi. Sisi tulikula tukiwa tumekalia miiba, limau mbele, baba akihesabu kila tonge la Kiberiti.

Mara ya mwisho aliyempeleka kupima ni kocha. Walirudi pamoja. Kocha alikubali kiti, na hapo nikajua. Damu ilikuwa imepanda, si sana, ila ya kutosha, na jina lilikuwa limeandikwa. Nililia mbele za watu bila aibu. Baba alitoka nje, tukamsikia akisogeza ndoo zisizohitaji kusogezwa.

Kocha alipoondoka, Kiberiti aliishusha chupa kutoka kabatini, akaiosha, akampelekea baba.

"Nimekula zamani, baba. Nina hamu ya chai."

Baba aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Pika tu, baba," nilimwambia.

Majani aliyachota kwa ncha za vidole, kama mtu anayetia dawa. Chai ilitoka nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, na Kiberiti akaomba kikombe cha pili.