Pawabanki ya Mtumbwi wa Mashimba

Nisha alikuwa amechoshwa na chaja kabla hata hajamfahamu Yeremia. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipima chaja, waya na pawabanki, zile betri za kubebea za kuchajia simu, kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba yake, mzee Ramniklal, karibu na mtaa wa Makoroboi mjini, kisha anarekodi video kueleza ipi inafaa na ipi ni ya kutupa. Alianza kwa hamu. Wateja walikuwa wakirudisha vitu vibovu kila wiki, naye alikuwa amesomea umeme chuoni, akaona asikae kimya. Siku hizi hata msibani mtu alimvuta pembeni, akatoa chaja mfukoni na kumuuliza, "Dada, hii ni orijino?" Wafanyabiashara walisema anaharibu soko. Watazamaji walisema anahongwa. Na vitu vibovu viliendelea kuuzwa vilevile, ila vimebadilishwa jina na rangi.

Yeremia aliingia dukani asubuhi moja ya manyunyu, kijana mrefu, mikono imechubuliwa na kamba za nyavu. Alimwamkia mzee Ramniklal, akaitikiwa, kisha akaweka juu ya meza pawabanki nyeusi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Sijaja kununua, dada," alimwambia Nisha. "Naomba unipimie hii. Nataka kujua kama nilisahau kuichaji."

"Hilo siwezi kulijua mimi. Wewe ndiye unayejua kama uliichaji."

"Nilikuwa najua. Sasa sijui tena."

Nisha alitaka kumwambia aiache, atamwita. Ndivyo alivyowaambia wote. Lakini mzee Ramniklal alikwisha kuvuta kigoda na kumkaribisha mgeni akae, na mgeni akaanza kueleza.

Alikuwa mvuvi kwenye mtumbwi wa dagaa wa mzee Mashimba, mwalo wa Igombe, ufukwe wa ziwa wanakotia nanga wavuvi. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu kuliko wenzake, ndiye aliyekabidhiwa simu ya mtumbwi na kutumwa kununua pawabanki. Safari ya mwisho aliichaji mchana kutwa nyumbani kwake, taa zote nne zikawaka. Jioni, wakiwa majini, akaitumia kuongezea simu, akaona inaingiza. Alfajiri injini ilizimika wakiwa mbali na nchi kavu, na upepo ukaamka. Nahodha alipoomba simu, ilikuwa imezima. Yeremia akaichomeka kwenye pawabanki, nayo haikuwasha hata taa moja. Walisukumwa na mawimbi hadi kwenye miamba, mtumbwi ukapinduka. Wengine waling'ang'ania mbao wakaokolewa. Nestory, mdogo wa mvuvi mwenzao Josephat, walimpata kesho yake, amekufa maji.

"Wanasema sikuichaji," Yeremia alisema. "Wanasema niliipeleka kwenye harusi nikapigia muziki. Josephat hataki hata kuniona. Na mimi kila nikilala najiuliza, je, nilichomeka kweli? Au nilichomeka siku nyingine?"

Nisha akaichukua ile pawabanki. Aliijua. Aina hiyohiyo alishawahi kuipima kwenye video, akaisema vibaya, na video ile ikatazamwa na watu wengi sana. Wengi wao walikuwa mijini, wana umeme ukutani. Yeremia hakuwahi kuiona, kwani bando lake lilikuwa la kupiga simu tu.

"Wewe uliambiwa nini ulipoinunua?"

"Niliinunua kwa mchuuzi pale mwaloni. Akaniambia inachaji simu tano. Hata kwenye boksi imeandikwa hivyo."

Nisha aliichomeka kwenye chaja nzuri, katikati akaweka kipimo chake, kile kidude chenye kioo kinachoonyesha umeme kiasi gani umepita. Wakangoja. Mzee Ramniklal aliagiza chai ya maziwa, akamwekea Yeremia kikombe mbele yake bila kumuuliza kama anataka. Hata chai haijapoa vizuri, taa nne zikawaka zote.

"Imejaa," alisema Yeremia.

"Taa ndizo zinazosema imejaa. Kipimo kinasema haijafika popote."

Aliiacha kwenye umeme kwa muda mrefu zaidi, asije akaionea. Kisha akaichomekea simu iliyoishiwa chaji, akakaa kuiangalia. Taa nne, taa nne, taa nne, halafu giza. Simu ilikuwa haijafika hata nusu. Nisha alipitisha kiganja juu ya lile ganda jeusi. Upande mmoja ulikuwa na joto. Upande wa pili ulikuwa wa baridi kama chungu kisichoinjikwa.

"Uliichaji," alimwambia. "Hata ungeichaji wiki nzima ingekuwa hivihivi. Kidogo kilichokuwemo kiliingia kwenye simu jioni, alfajiri haikuwa na kitu."

Alidhani atafurahi. Yeremia aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa mikono yake iliyochubuka, akakaa hivyo mpaka mteja mmoja akaingia, akatazama, akatoka tena.

"Twende ukawaambie," alisema hatimaye.

"Nitakurekodia video, utawaonyesha."

"Video watasema nimekulipa, dada."

Nisha alimtazama baba yake, akitumaini atasema duka lina kazi. Mzee alikuwa anamtafutia mwavuli.

Walipofika Igombe jua lilikwisha kutoka, na wanawake walikuwa wanarudisha dagaa juani. Mzee Mashimba alikuwa kwenye kivuli cha banda la injini pamoja na wavuvi wake. Alipomwona Yeremia alikunja uso, lakini Nisha alipomwamkia aliitikia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu amekuleta umtetee?"

"Nimekuja kuifungua hii mbele yenu, mzee. Sijui nitakuta nini. Nahisi tu."

Josephat alikuwa ameketi peke yake akishona wavu. Hakuinua kichwa. Nisha alipiga magoti mchangani, akapitisha kisu chembamba kwenye mshono wa ganda, polepole, asije akaigusa betri kwa ncha. Ganda liliachia. Ndani kulikuwa na vipande vinne vya betri, vya mviringo, vilivyopangwa kama risasi. Viwili vilikuwa vimeunganishwa kwa nyaya. Viwili vilikuwa vimegundishwa tu. Alichomoa kimoja cha viwili hivi, akakikata kwenye kifuniko, akakiinamisha. Mchanga mweupe, laini, ukamwagika juu ya goti lake.

Nahodha akausugua katikati ya vidole, akampa mwenzake. Ukapita mkono hadi mkono, ukaishia.

"Kwa hiyo alichaji," alisema Josephat. Sindano ilikuwa imesimama mkononi mwake.

"Alichaji. Ila hakukuwa na pa kuuweka huo umeme."

"Basi wa kumlaumu ni nani?"

Nisha angeweza kutaja mchuuzi, mwenye kontena lililozileta, kiwanda asichokijua kiliko. Ilikuwa hotuba aliyokwisha kuitoa mara nyingi mbele ya kamera, na safari hii hakuwa na nguvu ya kuitoa.

"Sijui, kaka," alisema.

Mzee Mashimba alikohoa. Alimwambia Yeremia kwamba amesikia, na kwamba nafasi yake amekwisha kumpa mtu mwingine mwenye watoto, hawezi kumfukuza leo. Ikitokea nyingine atamwita. Yeremia alisema, "Sawa, mzee." Hakuonekana kuwa hilo ndilo alilolifuata.

Josephat aliuweka wavu chini.

"Mama yangu nimemwambia ni wewe," alimwambia Yeremia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. "Kila asubuhi anaanza na jina lako, anakulaani. Mimi peke yangu siwezi kwenda kumwambia sivyo. Hataniamini."

"Yuko nyumbani sasa?"

"Yupo."

Waliondoka pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo.

Nisha alitaka kuwahi mjini. Alikuwa anajipangusa goti aliposikia mtu nyuma yake akisema, "Dada, na ya kwetu je?" Alikuwa nahodha wa mtumbwi mwingine, ameshika pawabanki ya bluu. Nyuma yake walikuwa wengine, na wengine walikuwa wanakuja mbio kutoka kwenye mabanda yao, kila mmoja na yake. Mwanamke mmoja alimletea ndoo, akaigeuza ili akalie. Aliketi, mgongo ukimuuma, akatoa kipimo, akaanza. Zilizofaa zilikuwa chache. Waliopata mbaya hawakugombana naye. Walizichukua tu, wakasimama wakizitazama.

Alifika nyumbani jioni, hana hata hamu ya kula. Simu iliita, akapokea. Alikuwa Yeremia, anaongea kwa sauti ya chini, bado yuko kwa akina Josephat.

"Mama amelipokeaje?" Nisha aliuliza.

"Amelia sana. Alinishika shati, akalia upya kama vile Nestory kafa leo. Halafu ameniuliza kama nimekula."