Michi Miwili

Nadra alirudi Mbwajumali kutoka Nairobi, anakosanifu chipu za kompyuta, na mamake, Bi Esha, hakuacha kumhoji kazi gani hiyo.

"Chipu huenda kwa mapigo ya umeme," Nadra alieleza, wakitwanga mpunga wa maulidi, michi miwili kinu kimoja, huu ukipanda huu ukishuka. "Pigo likiwahi kufika sehemu ya karibu kuliko ya mbali, hesabu huvurugika. Basi kazi yangu ni kulichelewesha la karibu, yafike pamoja."

"Kuchelewesha nako ni kazi?" Bi Esha alicheka, kikohozi kikamshika, mkono ukalegea.

Michi nusura igongane. Nadra aliuzuia wake juu, akausubiri wa mama uinuke, ndipo akaushusha. Wakaendelea hivyo, polepole.

"Ulipokuwa mtoto," Bi Esha alisema hatimaye, "nami nalikungoja hivyo hivyo."